Nyumba ya Kibingo Iliyokuwa Ikilia Mchana

Tangu nirudi, sijashuka ngazi za kanisa Jumapili hata moja bila mtu kunishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu, ni kweli uliisikia ikilia?" Niliisikia. Lakini kila nikianza kusimulia, mmoja anakumbuka ameacha maharage jikoni, mwingine anapigiwa simu, na habari inabaki nusu. Nusu nyingine watu wanajijazia wenyewe. Wiki iliyopita niliambiwa kwamba mimi, Adventina, nimetoa jini kwenye nyumba ya watu kwa maji ya baraka. Sikutoa jini. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote, toka tulipoondoka Bukoba mpaka asubuhi tuliyoaga. Mwenye maharage jikoni ayaepue kwanza.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi mwashi, na ninafundisha uashi chuoni. Nina ugonjwa mmoja ambao mume wangu Faustini ameuvumilia miaka yote ya ndoa yetu: nikiona jengo la zamani lazima nisimame. Wenzangu wanaona gofu, mimi naangalia mawe ya pembeni yamefungwaje. Sasa mwanafunzi wangu mmoja anayetoka Kyerwa alinieleza kwamba kwao Kibingo kuna nyumba ya mawe inayolia kila alasiri wakati wa kiangazi. Inalia kama mtu. Ndani yake, akasema, kuna sanduku kubwa la mawe lisilo na mlango, na hakuna anayejua nani aliijenga wala kwa nini.

Likizo ilipofika nikamwambia Faustini nakwenda. Akacheka. "Nenda na Deo," akasema. "Mkikuta mizimu yeye ndiye atakayekimbia kwanza, wewe utaifuata njia yake."

Deo ni mdogo wake. Ana pikapu ya kubebea ndizi, ana maneno mengi, na anaogopa kila kitu kisichoonekana.

Bukoba hadi Ihembe

Tuliondoka asubuhi na mapema, mimi na Deo, na nyuma ya gari mfuko wangu wa vifaa: nyundo, patasi, mwiko, pima maji na timazi. Tulikuwa tumevuka daraja la Kyaka na kupanda kidogo tu, rejeta ikachemka. Mvuke ukatoka kama chungu cha ndizi kilichofunuliwa ghafla. Deo akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akilisuta kama mtoto aliyefeli.

Kando ya barabara palikuwa na mama anayechoma ndizi za gonja. Alituangalia, kisha akauliza, "Mnakwenda wapi?"

"Ihembe, kwa mama yetu," nikamjibu.

"Mtapita Omurushaka?"

"Tutapita."

"Maji ninayo dumu zima. Ila dada yangu yuko Omurushaka, na godoro lake liko hapa mwezi wa pili sasa."

Basi tukakaa pale mpaka gari likapoa, tukala gonja za moto na karanga, na tulipoondoka tulikuwa na maji kwenye rejeta, godoro nyuma, na kuku mmoja ambaye hakuwa kwenye mapatano. Omurushaka tulimtafuta huyo dada kwa saa nzima. Alipotuona akalia kwa furaha, akamkumbatia Deo akidhani ndiye shemeji yake mpya ambaye alikuwa hajamwona. Deo hakumkatalia mpaka dada huyo alipomaliza kumkaribisha chai na kutuzawadia yule kuku.

Ihembe tulifika jua likielekea kuzama. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, kwenye uwazi kati ya migomba na mibuni, akimenya ndizi.

"Shikamoo mama," nikamwamkia nikiwa nimepiga magoti.

"Marahaba, mkamwana. Mbona umekonda? Huko Bukoba hamli?"

Tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zikalainika mpaka hazihitaji meno, na baada ya chakula akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyompasa mgeni. Nikatafuna, nikamweleza safari yetu.

"Kibingo?" akasema. "Naijua. Ile nyumba ya bati."

"Hapana mama, hii ni ya mawe."

"Nyumba ya bati," akarudia.

"Mama, siku hizi mapaa yote ni ya bati. Hata hili la kwako."

Aliniangalia kwa huruma kubwa, kisha akageukia kuku wa Omurushaka, akauliza kama naye amekula. Mama mkwe wangu nyumbani huongea Kinyambo, Kiswahili ni cha wageni na cha kanisani. Nikadhani kimemwishia. Kumbe kilikuwa kimeniishia mimi.

Ihembe hadi Bweranyange

Sikuweza kupita upande ule bila kufika Bweranyange, palipokuwa makao ya Abakama, wafalme wa Karagwe. Deo alitaka twende Kibingo moja kwa moja, "tumalize hofu mapema," lakini gari ni lake na safari ni yangu, tukaenda.

Pale kilimani kuna kuta za kale ambazo hata wenyeji hawakubaliani zilijengwa na nani. Tuliyemuuliza kwanza alisema Wajerumani. Wa pili alisema ni Omukama mwenyewe, kwa mafundi wake. Wa tatu alisema zilikuwepo kabla ya hao wote. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama kona imelala au imesimama. Nikatoa timazi yangu, ile shaba nzito yenye ncha inayoning'inia kwenye uzi, nikaishusha kandokando ya ukuta, nikaisubiri itulie.

Ilipotulia nikainua macho. Watu sita walikuwa wamesimama wananitazama.

"Kinaonyesha upande gani?" mmoja akauliza.

"Chini," nikasema.

"Chini wapi?"

"Chini tu. Timazi huonyesha chini."

Wakatazamana. Niliona kabisa maneno yangu yakiingia vichwani mwao na kugeuka kuwa kitu kingine. Mmoja akaondoka mbio, na punde akarudi na mwenyekiti wa kitongoji, mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu aitwaye Jovitha. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akaninyang'anya timazi.

"Mama, mtanisamehe. Hapa tumechoka na watu wa kutafuta mali walizofukia Wajerumani. Wanakuja na vifaa, wanachimba usiku, asubuhi tunakuta mashimo. Ng'ombe wa mtu amevunjika mguu."

"Mimi ni fundi mwashi, mwanangu. Hicho ni cha kunyooshea ukuta."

"Wote wanasema ni mafundi."

Deo akaanza kueleza kwamba yeye ni dereva tu na hanijui sana. Nilimkanyaga mguu.

Tuliwekwa kwenye benchi nje ya nyumba ya Jovitha kwa muda wa saa mbili, watu wakipita kututazama. Hatimaye yeye mwenyewe akatoka, akanionyesha ukuta wa nyumba yake. Ulikuwa na ufa toka dirishani hadi chini, mpana wa kuingiza kidole.

"Haya, fundi. Mafundi watatu wameniambia nibomoe nijenge upya. Wewe unasemaje?"

Nikazunguka nyumba mara mbili. Nikapiga magoti, nikachimba kidogo kwa mkono penye mguu wa ukuta. "Usibomoe," nikamwambia. "Maji ya paa yanamwagika hapa hapa kila mvua. Msingi wa upande huu umelainika, wa upande ule ni mkavu, nyumba inavutana. Chimba mfereji hapa, peleka maji kwenye migomba, subiri msimu mmoja, halafu ndiyo uzibe ufa. Fundi aliyekwambia ubomoe alikuwa anatafuta kazi."

Kisha akaingia ndani, akarudi na timazi yangu imefutwa vumbi, na kibuyu cha maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile. Tukanywa. Na ndipo aliponiambia jambo lililobadili safari yetu.

"Mama, dereva wako amesema mnakwenda Kibingo kwenye ile nyumba. Basi fanyeni haraka. Juzi walipita watu wawili hapa na mashine yenye sahani kama ya kupimia madini. Tuliwafukuza. Walisema hawana shida na sisi, wamekwisha kukubaliana na wenye nyumba Kibingo. Wanakwenda kuivunja sakafu."

Bweranyange hadi Kibingo

Kesho yake tuliamka huko huko Bweranyange kabla ya jogoo, na kama ilivyo kawaida, unapokuwa na haraka ndipo barabara inapokumbuka kwamba haina haraka. Tulipopita Nkwenda tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwa limepasuka tangu Pasaka, jambo ambalo Deo alikuwa hajaona sababu ya kulitaja. Akapanda bodaboda na tairi mgongoni kwenda kutafuta wa kuliziba, nami nikabaki na gari, na kuku. Ndiyo, kuku. Tulipoaga Ihembe, mama mkwe alisema kuku aliyezawadiwa hatolewi tena zawadi, akaturudishia.

Nilipokaa pale nilimuuliza kila aliyepita kuhusu nyumba. Mzee mwenye baiskeli alisema ni ya Mgiriki aliyefia humo. Msichana wa shule alisema ni gereza la watumwa. Mama mmoja aliyebeba jembe alijibu bila kusimama: "Sipiti huko," na akavuka barabara kabisa, kama vile hata kuulizwa ni hatari.

Tulifika Kibingo mchana, saa nane imepita.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, juu ya shamba zuri la migomba na mibuni. Nyie mnaonijua mnaweza kukisia nilivyosimama. Kuta za mawe yaliyochongwa, nene kama urefu wa mkono wangu, kona zimefungwa vizuri hata mimi nisingeweza kuongeza kitu. Vyumba viwili mbele, na nyuma chumba kimoja kikubwa chenye madirisha madogo juu sana. Kwenye paa, nyuma, palitokeza kisiki cha mawe kilichovunjika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani.

Mwenye nyumba alitoka kwenye jiko la nje, kibanda cha miti na udongo kilichojaa moshi. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kanga yake imeingia rangi ya masizi. Jina lake ni Mama Jenerosa.

"Karibuni, waitu," akasema kwa neno la heshima la kwao. "Samahani, sina mahali pa kuwakalisha."

Nikatazama ile nyumba kubwa nyuma yake, nikatazama kibanda. Ndani niliona kitanda kati ya kuni na mafiga.

Kibingo, siku ya kwanza

Hadithi yake alinipa tukiwa tumekaa kwenye magogo, taratibu, kama mtu ambaye hajaulizwa siku nyingi. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wake, ambaye aliikuta tupu, akawekamo kahawa, kisha akahamia. Mume wake aliirithi. Waliishi humo miaka mingi, na ililia miaka yote hiyo. "Marehemu alikuwa akisema ni upepo. Lakini akiulizwa upepo gani unapita wapi, hakujua."

Mume akaugua, akafa. Baada ya mazishi, Laurenti, kaka wa marehemu, akasimama mbele ya ukoo akasema nyumba ndiyo iliyomuua ndugu yake, na yeyote atakayelala humo atafuata. Mama Jenerosa akahamia jikoni. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Majirani walipunguza kupita. Hata jumuiya ya sala, ambayo huzunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwa ikimruka.

"Na sasa wamekuja watu wa mashine," akasema. "Mashine imelia juu ya lile sanduku la mawe. Laurenti amekubaliana nao. Kesho saa nane wanakuja kuvunja sakafu na sanduku. Wanasema wakishapata, watanijengea kibanda kingine."

"Na wewe umekubali?"

Akainua mabega. "Nyumba ya kulia hiyo, mwalimu. Nitaigombania ya nini?"

Nikamwomba tu ruhusa niingie. Akafungua ile kamba, akabaki nje. Deo alisema atalinda gari.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya vumbi. Katikati ya chumba kikubwa niliona sanduku: mawe yamejengwa hadi kifuani mwangu, pande zote nne hakuna tundu. Sakafu ilikuwa ya mabamba makubwa ya mawe, na hapo nikashangaa, kwa sababu mabamba yalikuwa meusi kwa chini pembezoni, meusi ya moto. Nani anachoma sakafu?

Nilikuwa nimeinama nikilitazama hilo, ndipo ilipoanza.

Siwezi kuwadanganya. Niliogopa. Kwanza ilikuwa kama mtu anavuta pumzi, kisha sauti ikapanda, nyembamba, ya mwanamke anayelia akiwa ameziba mdomo, ikashuka, ikapanda tena. Ilitoka chini ya miguu yangu na nyuma ya mgongo wangu kwa pamoja. Nje nilisikia mlango wa pikapu ukifungwa kwa kishindo. Nilianza Salamu Maria nikaisahau katikati.

Kilichoniokoa ni migomba. Kupitia mlangoni niliona majani yake yakipigwa na upepo uliokuwa ukipanda kutoka bondeni. Yalipotulia, sauti ilishuka. Yalipopigwa tena, ilipanda. Nikahesabu pamoja nayo: jani, kilio, jani, kilio. Nikaweka kiganja kwenye ufa kati ya mabamba mawili. Upepo ukanipuliza kiganjani kama pumzi ya ng'ombe.

Nikatoka mbio, Mama Jenerosa akadhani nakimbia kama wengine. "Panga!" nikamwambia. "Nipe panga!"

Nikashuka mteremko hadi chini ya ukuta wa nyuma, penye kichaka ambacho hakuna aliyekifyeka tangu mazishi, na pengine kabla. Nikafyeka. Nyuma ya miiba, chini kabisa ya msingi, kulikuwa na upinde mdogo wa mawe, mzuri, uliobomoka upande mmoja ukabakiza mwanya mwembamba kama mdomo wa anayepiga mluzi. Upepo wa bonde ulikuwa ukiingia hapo wote.

"Deo!" nikaita. "Toka kwenye gari! Nimeupata mdomo wake!"

"Usiniambie habari ya mdomo, shemeji!" akajibu kutoka ndani, vioo vimefungwa.

Nikakusanya majani makavu ya migomba, nikayawasha pale kwenye upinde, nikayafunika na mabichi. Moshi ukaingia wote ndani ya tundu, haukurudi. Tukasubiri, mimi chini, Mama Jenerosa juu. Kisha nikamsikia akipiga kelele, nikapanda mbio. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, anaonyesha kidole. Moshi ulikuwa ukipanda kwenye nyufa za sakafu, mstari kwa mstari, ukionyesha mifereji yote iliyofichwa chini ya mabamba. Na juu ya paa, kwenye kile kisiki kilichovunjika, moshi ulikuwa ukitoka mweupe kama wa nyumba yoyote inayopika.

"Mwalimu," akasema polepole, "ni filimbi."

"Ni filimbi, mama. Nyumba nzima ni filimbi."

Alikaa chini pale pale kizingitini, akaanza kucheka, na machozi yakimtoka, na akacheka mpaka nikashindwa kujua ni kipi kilichokuwa kikimtoka zaidi.

Kibingo, siku ya pili

Asubuhi tulifanya kazi. Nilichukua udongo wa kichuguu, nikaukanda kwa maji na majani makavu, nikachonga jiwe la kuziba ule upinde, lenye mpini wa mti ili liweze kutolewa na kurudishwa. Deo, ambaye sasa alikuwa shujaa kwa kuwa amekwisha kujua, alibeba mawe na kuwaeleza wapita njia kwamba yeye alishuku upepo tangu mwanzo.

Habari zilitembea. Saa nane kijiji kizima kilikuwa kwenye kahawa na migomba kuzunguka nyumba, lakini kwa mbali. Wale wawili wakafika na mashine yao na sululu. Laurenti alikuwa nao, mzee mrefu aliyevaa koti na kofia, uso mgumu.

"Shemeji," akamwambia Mama Jenerosa, "tulikwisha kuzungumza."

"Ulizungumza wewe," akasema Mama Jenerosa. "Leo msubiri kidogo. Msubiri upepo."

Tukasubiri. Nawaambia, hakuna kitu kizito kama watu mia wakisubiri nyumba ilie. Saa tisa majani ya migomba yakaanza kugeuka. Upepo ukapanda, ukapiga kanga za akina mama, ukapeperusha kofia ya mtu. Nyumba haikulia. Upepo ukazidi. Kimya. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Deo, zibua!" nikaita.

Kule chini Deo akavuta jiwe. Nyumba ikalia, kwa sauti kubwa kuliko jana, na watu wakarudi nyuma kama wimbi.

"Ziba!"

Ikanyamaza katikati ya kilio, kama mtoto aliyepewa titi.

"Zibua!" Ikalia. "Ziba!" Kimya. Mara ya tatu kuna mtu aliyecheka. Mara ya nne walicheka wote, na watoto wakaanza kuagiza wao, "Zibua! Ziba!" mpaka Deo akapiga kelele kwamba mgongo unamuuma na yeye si mashine.

Wale wawili hawakucheka. "Hilo sanduku je?" mmoja akasema. "Mashine yetu haidanganyi. Kuna madini mle."

Nikamtazama Mama Jenerosa. "Nyumba ni yako. Tufungue jiwe moja, tulirudishe baadaye?"

"Fungua," akasema, na akaingia nami. Aliingia kabisa, miguu yote miwili.

Nililegeza jiwe la kona kwa patasi, polepole, nikaingiza mkono. Majivu. Majivu mengi, na chini yake mchanga. Nikatoa konzi moja. Ulikuwa mweusi, na mzito ajabu, konzi ya mchanga yenye uzito wa jiwe. Wale wawili wakasogea, macho yanawatoka.

Kijana mmoja mchimbaji mdogo, anayefanya kazi kwenye machimbo ya upande wa Kyerwa, akapenya katikati ya watu. Akaumwaga ule mchanga kiganjani, akauchezesha kwa kidole, akaupulizia.

"Hili ni bati," akasema. "Kila siku nalishika. Huu ni mchanga wa bati, mabaki tu, kibuyu hakijai."

Nikasimama na mdomo wazi. Nyumba ya bati! Mama mkwe wangu hakusema paa, alisema madini. Mchanga wa bati huoshwa kwa maji, na kabla ya kufungwa kwenye magunia lazima ukaushwe. Hiyo ndiyo sababu ya sakafu ya mabamba yenye moto chini, hiyo ndiyo sababu ya tanuri kule chini penye upinde na bomba la moshi juu, na sanduku lile lilikuwa njiapanda ya moshi, lisilohitaji mlango kwa kuwa hakuna mtu aliyepaswa kuingia. Nani aliijenga, mpaka leo sijui. Ila aliijua kazi yake.

Wale wawili walitazama konzi ile, wakatazamana, wakafunga mashine yao. Hakuna aliyewafukuza. Walipitia katikati ya watu wanaocheka, na hilo lilitosha.

Laurenti alibaki. "Upepo, sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini ndugu yangu alifia humu."

Mama Jenerosa akamgeukia. Sauti yake haikupanda.

"Ndugu yako alikufa kwa ini, Laurenti. Mimi ndiye niliyemuuguza. Mimi ndiye niliyemwosha. Daktari alituambia mimi na wewe, kwenye benchi moja. Uliumia, ukatafuta wa kumlaumu, ukaikuta nyumba. Nami nililala na kuni miaka tisa ili wewe usiumie zaidi."

Watu wote waliinamisha macho. Laurenti akavua kofia yake, akaondoka peke yake kupitia kwenye mibuni.

Jioni ile akina mama waliingia na mifagio. Mmoja wao alikuwa yule mwenye jembe aliyevuka barabara. Alikwangua buibui kwenye pembe zote nne bila kuambiwa. Kitanda kilitolewa jikoni, kikapigwa maji, kikaingizwa chumba cha mbele. Kuku wa Omurushaka aliishia chunguni, na ndizi zikapikwa kwenye sufuria ambalo lilihitaji watu wawili kulibeba. Tulikula kwenye sakafu ile ya mabamba, bega kwa bega, na mimi nikakalishwa mahali pa heshima, nikiwa na udongo wa kichuguu mpaka kwenye nywele. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama hapo.

Asubuhi ya kuaga

Kabla hatujaondoka niliuziba upinde moja kwa moja kwa mawe na saruji. Mama Jenerosa alisema amelala fofofo. Alikuwa amefungua madirisha yote, na alikuwa akitembea kutoka chumba hadi chumba bila sababu, anagusa kuta.

Deo alikuwa amewasha gari tulipomwona Laurenti akipanda kijia. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani, mkubwa, kijani kibichi, ule unaochaguliwa shambani kwa macho mawili. Alifika mbele ya nyumba, akashusha mkungu chini, akasimama penye kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu siku ya mazishi. Mikono yake haikujua iende wapi.

"Hodi," akasema.

Mama Jenerosa alikuwa sebuleni, anamwona. Akamwacha asimame. Akakunja kitambaa alichokuwa anafutia meza, akakiweka vizuri, akajifunga kanga upya. Deo alitaka kuondoa gari, nikamshika mkono asubiri.

"Hodi, shemeji," Laurenti akasema tena.

Ndipo alipokwenda mlangoni, akainama, akashika upande mmoja wa mkungu ili wabebe wote wawili.

"Karibu," akamwambia. "Karibu ndani."